Maji Upande wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekwenda bustani ya mkoa, ile iliyo nyuma ya mtaa wetu, kwa sababu mpwa wangu amenichosha. Kila akipiga simu ni hilo hilo: mama mdogo, umetoka leo? Nikimjibu kuwa nimetoka hadi sebuleni, hacheki. Mama yake angecheka. Mama yake ndiye dada yangu. Tuliishi pamoja nyumba hii tangu sote wawili tulipobaki bila waume, tukishona mapazia chumba cha mbele, yeye akikata na mimi nikipiga cherehani. Alifariki Januari. Siku hizi mkasi na cherehani vyote ni vyangu, na bado nakata kombo.

Bustanini kuna kibao kinachosema mzunguko ni rahisi na unafaa watu wote. Unaingia getini, unafuata mshale wa kijani, unapanda kando ya kijito, unavuka daraja la mbao, unateremka ng'ambo ya pili hadi kwenye mawe ya kuvukia, na hapo unajikuta getini tena. Mtu wa magoti kama yangu anaumaliza bila kukaa chini. Nilipofika mwisho nilishangaa kwamba ni pale pale nilipoanzia, ingawa kibao kilikwisha kuniambia.

Jumatano, 6 Machi

Nilitaka kujua njia hii ikoje ukiianzia mwisho, nikaenda kinyume. Sikufika mbali. Mlinzi wa getini alipuliza filimbi mpaka ndege wakaruka. Akaniuliza kama mshale siuoni au siutaki. Kumbe kando ya kijito njia ni nyembamba, watu wakikutana lazima mmoja aingie majini, kwa hiyo wote wanakwenda upande mmoja, na yeye kazi yake kubwa ni kuhakikisha hivyo. Nimempa jina la Bwana Filimbi. Anaivaa shingoni kama mwenzake anavyovaa mkufu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimegundua jambo. Kwa kuwa wote tunakwenda upande mmoja, na mwendo wetu haupishani sana, hapa watu wanajuana kwa migongo. Sijaona uso wa mtu hata mmoja. Kwangu si shida, fundi wa nguo anausoma mgongo kama wengine wanavyosoma gazeti. Yuko mmoja mnene, shati limemkaza kwapani, miguu anaitupa nje. Huyo ni Mwendo wa Bata. Yupo pia mzee mrefu wa koti la kahawia, amenyooka kana kwamba alivaa koti na henga yake ndani. Huyo nimemwita Mabega. Koti limepigwa brashi na kola imelazwa vizuri nyuma, namna ambayo mtu hawezi kujilazia mwenyewe. Kuna mkono wa mtu mwingine pale. Na mkono wake wa kushoto anauacha nje kidogo, vidole wazi, upande wa maji, kama mteja anayepapasa kitambaa kabla hajauliza bei.

Nilimwamkia kwa nyuma, shikamoo mzee. Kimya. Nikarudia kwa sauti. Kimya. Basi, ana maringo yake.

Dada angempita hata kama ni kwa kukanyaga maji, amgeukie na kumuuliza nani anampigia pasi.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Sikwenda.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Nimekata pazia la mteja likawa fupi. Nimeliongezea pindo la rangi nyingine na nitasema ndiyo mtindo.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeongea na Mwendo wa Bata. Yeye mbele, mimi nyuma, kama watu waliopanda pikipiki moja. Ana bucha. Anasema daktari amemwambia atembee au achague jeneza pana. Ameshaniita Mama Pazia kabla sijamaliza kumweleza kazi yangu. Nikamuuliza habari za Mabega. Akasema yule alianza kuja hapa kabla yake, na hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake. Pengine alikuwa hakimu, akasema, mahakimu wakistaafu hawapendi kuzoeana na watu, hawajui walimfunga nani.

Jumanne, 19 Machi

Leo niliwahi kumaliza nikakaa getini kumsubiri Mabega, nione uso. Ni uso mzuri, mpole kuliko mgongo. Alipokelewa na mwanamke mfupi mwenye mkoba wa madaftari na chaki mikononi, aliyetazama saa, akamshika kiwiko na kuondoka naye bila kutuangalia. Nikafikiri, huyu anapokelewa getini kama waziri. Niliona pia kwamba mwanamke yule alisimama mahali pamoja tu, kama mtu aliyeambiwa asisogee.

Jumapili, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri. Dada alikuwa mvua ikianza kunyesha anamwaga maji moto kwenye vikombe, anazungusha, anayamwaga, ndipo anatia chai. Alisema kikombe cha baridi kinaiba. Leo nimefanya hivyo kwa kikombe kimoja. Kinachukua muda mfupi sana.

Jumamosi, 30 Machi

Njia imekatika. Mvua ya juzi imeula ukingo ng'ambo ya pili, chini ya daraja, na kipande kizima cha njia kimekwenda na mti wake. Bwana Filimbi amefunga utepe mwekundu na mweupe. Sasa mtu anapanda, anavuka daraja, anateremka mpaka kwenye utepe, halafu anageuka na kurudi alikotoka. Mzunguko umekuwa kwenda na kurudi.

Kwa hiyo leo tumeonana nyuso, na ilikuwa kama sherehe ya watu wasiojuana. Mwendo wa Bata ana ndevu. Nilimwambia kumbe una uso, akanijibu kwamba na mimi kumbe si mrefu, sauti yangu ni ya mtu mrefu. Wanawake wawili niliodhani ni mtu na mdogo wake ni mke na mama mkwe, na mama mkwe ndiye yule anayeruka ruka. Bwana Filimbi alikaa kwenye stuli yake, filimbi imelala kifuani. Aliinyanyua mara mbili tatu kutaka kupuliza, akakumbuka.

Jumatano, 3 Aprili

Nitaandika yote, maana usingizi sina haraka nao.

Asubuhi nilifika kwenye utepe nikamkuta Mabega amesimama, kifua kimegusa utepe, hasogei. Nilikaa nyuma yake kidogo. Nikamwambia, "Mzee, njia imekatika. Turudi." Nikamshika mkono wa koti, kitambaa kizito, kizuri, nikamgeuza. Hakubisha. Alitangulia, nami nikafuata mpaka darajani, nikijiona nimetenda wema. Pale darajani nikakutana na Mwendo wa Bata anakuja, akanisimamisha na kisa cha mteja aliyerudisha mfupa kwa sababu umekosa ustaarabu. Nikacheka. Mzee akaendelea.

Nilipofika getini yule mwanamke mfupi alikuwa amesimama mahali pake. Akaniuliza kama nimemwona baba yake. Nikasema yuko mbele yangu. Akasema mbele yako hakuna mtu, mama, nimesimama hapa tangu kengele ya shule.

Bwana Filimbi akapuliza, na safari hii kila mtu alijua ni ya nini. Watu wakaanza kuangalia majini. Hilo ndilo lililotutisha wote bila mtu kulitamka, maana kijito kimejaa na ni cha rangi ya chai. Yule binti hakulia. Alinieleza haraka haraka, kama mtu anayemweleza daktari. Baba yake amesahau. Amesahau nyumba, amesahau mtaa, siku nyingine anamsahau hata yeye. Yeye anafundisha shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, na wakati wa kipindi cha kwanza hana wa kumwachia. Lakini kwenye mzunguko hajapotea hata siku moja.

"Nilimwambia kitu kimoja tu, na hicho hakijamtoka," alisema. "Baba, maji yakae kushoto. Yakiwa kushoto utanikuta."

Nikamwambia ni mimi niliyemgeuza. Yeye akakimbilia kwenye utepe pamoja na wengine.

Mimi nilirudi darajani. Sikuwa na akili kubwa, nilitaka tu kusimama aliposimama. Nikanyoosha mkono wa kushoto kama anavyonyoosha yeye. Nilipomgeuza kule kwenye utepe maji yalikuwa yamehamia kulia kwake. Alinivumilia mpaka hapa. Akavuka. Sasa ukishavuka, kurudi getini unapinda kuteremka, na maji yanabaki kulia. Ili yawe kushoto, inabidi upande. Nikapanda. Njia ya bustani inakwisha pale, kuna kigingi cha mwisho, halafu waya ulioanguka na kichochoro kinachofuata kijito nyuma ya karakana za magari. Kwenye tope kulikuwa na alama za viatu vya mtu anayetembea bila wasiwasi.

Nilimkuta kwenye uwanja wa kuosha magari. Ameinama juu ya mita ya maji, anafuta tope kwenye kioo kwa kidole. Vijana wawili wa pale wamesimama pembeni mikono nyuma, wameuzima mpira wa maji, na mmoja anamweleza kwa heshima zote kwamba wao kwa kweli hunawa mikono tu. Walidhani ni mtu wa idara ya maji. Hawakukosea sana. Binti yake aliniambia baadaye kwamba kusoma mita ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, nyumba kwa nyumba, kwa miguu.

Akaniona. Hakuonekana amepotea hata kidogo.

"Umechelewa," aliniambia. "Andika."

Akanitajia tarakimu, na mimi nikaziandika kwa kidole kwenye kiganja. Akaniambia nimwonyeshe. Nikamwonyesha kiganja. Akakiangalia, akaridhika.

Kumrudisha kando ya kijito ilishindikana. Kila nikimwelekeza chini anaganda, anautazama mkono wake wa kulia kama umemtukana. Ikabidi tupite barabarani, kusiko na maji upande wowote. Huko ndiko alikoonekana mzee. Alishika mkono wa nguo yangu, akawa anavuta hatua, na kila kona aliniuliza kwa sauti ya chini kama tunakwenda kwa watu.

Binti alipotuona alikaa chini hapo hapo, juu ya majani yaliyolowa, na mkoba wake.

Alhamisi, 4 Aprili

Mabega hakuja. Mpwa amepiga simu, nimemsimulia yote mpaka chaji ikaisha. Tangu msiba sijawahi kuongea hivyo, hata koo limeniuma.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimekwenda kuwaona. Wanakaa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya shule. Mzee alikuwa dirishani, amevaa koti, amefunga vifungo vyote, anatazama nje. Binti anasema anajitayarisha hivyo kila asubuhi na hasogei mpaka adhuhuri. Chakula anakula kwa kubembelezwa.

Nilimuuliza binti anafanyaje saa ya kazi.

"Namfungia, mama," alisema. "Nikiwa darasani nasikia kufuli."

Nikamwambia nitatembea naye mimi, kila siku, nitamshika mkono. Akatikisa kichwa. Alishajaribu kwa jirani.

"Hataki kushikwa. Akitembea peke yake yuko kazini. Akishikwa anajua kwamba anaumwa."

Mwanzoni nilidhani mwanamke huyu ni mkavu. Wakati tunaongea alikuwa analaza kola ya baba yake kwa nyuma, bila kuangalia, jinsi mtu anavyosukuma nywele zake mwenyewe.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemuuliza Bwana Filimbi njia itatengenezwa lini. Mwakani, akipatikana mhandisi. Nikamuuliza asipopatikana. Akasema basi mwaka utakaofuata mwakani. Hakuwa anatania.

Mwakani mzee yule atakuwa amesahau hata mkono wa kushoto ni upi.

Jumamosi, 13 Aprili

Tangu juzi natembea mji huu nimenyoosha mkono wa kushoto kama kichaa, natafuta maji ambayo mtu akiyaweka kushoto yatamrudisha alikoanzia. Mfereji wa sokoni unaingia chini ya barabara na kupotea. Nimelizunguka tangi la hospitali. Linazungukika, lakini maji hayaonekani, na askari aliniuliza nimeibiwa nini. Mambo mengi ya mji huu sikuwa nayajua. Nyuma ya benki kuna bata. Nani anawalisha?

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Pazia la mteja wa benki limekaa sawa. Nimekata polepole.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilisimama kupisha mvua kwenye vyoo vya bustani, nikachungulia nyuma ya ukuta. Kuna bwawa. Dogo, limezungukwa na majani marefu na matete upande mmoja, chupa zinaelea. Miaka yote sikujua, na hata Mwendo wa Bata hakujua. Bwana Filimbi alijua. Zamani watu walilizunguka, akasema, kabla hawajatengeneza njia ya kijito. Nikavua viatu nikaingia majanini. Chini ya majani kuna changarawe. Nikaifuata kwa nyayo, maji kushoto, maji kushoto, mpaka nikatokea nyuma ya stuli ya Bwana Filimbi. Akaruka kama ameona nyoka.

Kutoka kwenye stuli unaliona bwawa lote isipokuwa kona ile ya matete.

Jumapili, 21 Aprili

Mwendo wa Bata amekuja na panga la buchani. Tumefyeka nusu. Bwana Filimbi alieleza kwamba hana ruhusa ya kufungua njia bila barua, ila kukata majani ni wajibu wake. Kwa hiyo tulikata majani, ukanda mrefu na mwembamba, tukizunguka bwawa. Mama mkwe anayeruka ruka alitoa chupa majini kwa fimbo, mkwewe akamshika kiuno asitumbukie, wakawa wanagombana nani mzito. Matete hatukuyakata. Mizizi yake ndiyo inayoshika ukingo, na ukingo mmoja umeshatutosha.

Jumapili, 28 Aprili

Binti amekuja kuangalia. Alinyoosha mkono wa kushoto na kuzunguka bwawa peke yake, sisi tumesimama getini kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Alipoingia nyuma ya matete alikawia. Alipotokea alikuwa amefuta macho. Akatuuliza nani atakuwapo kila asubuhi. Bwana Filimbi akasema yeye analipwa kukaa pale. Mwendo wa Bata akasema daktari amemlazimisha. Mimi nikasema nipo.

"Mkimpoteza," akaanza kusema, kisha akaliacha.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua imepungua. Binti bado hajaamua. Simsumbui. Nimemshonea mzee kitanzi kipya cha koti, kile cha zamani kilikuwa uzi mmoja.

Jumatatu, 6 Mei

Wamekuja. Mzee amenyolewa, koti limepigwa brashi, na binti anatembea hatua mbili nyuma yake, mikono ameifungia kwenye mkoba ili isimshike. Bwana Filimbi alikuwa ameweka stuli yake katikati ya njia ya zamani na kuikalia. Mzee alifika, akaitazama stuli, akatazama kulia. Wote tulikuwa tumeangalia pembeni kama watu wasiohusika. Kisha akaona maji. Mkono wa kushoto ukatoka nje ya koti, vidole vikafunguka, akaenda.

Nilisahau jinsi alivyokuwa akitembea. Wiki zote zile nilikuwa namkumbuka wa barabarani, anayevuta hatua. Huyu alikuwa anakwenda kazini.

Alipoingia nyuma ya matete, Mwendo wa Bata alinishika bega bila kujua. Ilichukua muda kuliko ilivyomchukua binti, na nilimwona binti akianza kuchomoa mkono kwenye mkoba. Mzee akatokea. Alikuja mpaka pale aliposimama binti yake. Binti akamwita, baba. Yeye akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama unavyomwamkia mama wa watu njiani, akampita, na kuanza tena upande ule ule.

Kengele ya shule ikalia.

Binti alitugeukia. Nilijua anachopima, maana kilikuwa usoni kote. Baba yake hakusimama. Hatujui atasimama lini. Upande wa pili wa barabara watoto walikuwa wanakimbilia darasani. Akaniuliza kama amsimamishe.

"Mwache," nilimwambia. "Nyumba za kusoma bado ni nyingi."

Alicheka kidogo, akaziba mdomo, kisha akavuka barabara haraka bila kugeuka. Darasa lake liko chini, dirisha linatazama bustani. Nilimwona akiingia, akaweka mkoba mezani, akaja dirishani na kusimama. Wakati huo mzee alikuwa amekwisha kuingia tena nyuma ya matete, na pale dirishani hakuna kitu angeweza kuona isipokuwa maji na sisi watatu. Alikaa hivyo kitambo. Halafu akachukua chaki, akatugeuzia mgongo, akaanza kuandika ubaoni.